Duara la Jino

Madhuben alipowapa akina mama wa Maganzo ua wa nyuma ya ghala lake la pamba, aliwapa na sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa fupi: pasichimbwe. Hakusema pasipigwe kelele, wala hakusema watoto wasikojolee ukutani, ingawa hayo nayo yangemhusu. Alisema pasichimbwe, hata kishimo cha kusimika mti wa kamba ya nguo. Alikuwa na sababu. Ukuta wa upande wa barabarani ulikuwa umeshawahi kuanguka, baada ya vijana fulani kupenya chini yake wakifuata mchanga wa almasi, na ulipoanguka uliondoka na pipa la maji na kuku aliyekuwa analalia mayai. Tangu siku hiyo, mtu akionekana karibu na ukuta ameshika kitu chochote chenye ncha, hata mwiko, Madhuben alimwita kutoka dirishani na kumwuliza anakwenda wapi.

Aliyekwenda kuuomba ule ua alikuwa Paskalina, mama yake Nyamizi. Paskalina alikuwa mchekechaji. Kila siku alikaa na wanawake wenzake kwenye vilima vya kifusi, wakichekecha upya mchanga ambao wanaume walikwisha kuuchekecha, na watoto wao walicheza hapo hapo, katikati ya mashimo yaliyoachwa wazi. Nyamizi alitumbukia katika mojawapo alipokuwa na umri wa kuanza kusema. Alipelekwa hospitali ya Kolandoto, mkono ukafungwa, ukapona, ila mpaka leo ulikuwa umepinda kidogo, kama mpini wa jembe la zamani. Paskalina alipoutazama ule mkono, chekeche lilimtoka mikononi. Ndiyo maana alikwenda kubisha hodi kwa Madhuben. Na ndiyo maana alijua, bila kukumbushwa na mtu, kwamba ua ukiondoka watoto wanarudi mashimoni.

Madhuben, ambaye mji mzima ulimwita Mama Ramesh kwa jina la mwanawe, alimsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akasema, "Ua upo. Mimi siutumii. Lakini msichimbe."

"Nani achimbe, Mama Ramesh? Watoto hawa?"

"Nimekaa Maganzo miaka mingi," alisema Madhuben. "Sijaona asiyechimba."

Utaratibu wa pale uani haukutungwa na mtu, ulijitokeza wenyewe. Wazazi walishika zamu, mmoja kila siku, na hapo mwanzo kila mwenye zamu alikuja na sheria zake. Mama Donatus alitaka sala, halafu sala tena. Mariana, aliyefika darasa la saba, aliwaimbisha a, e, i, o, u tangu asubuhi mpaka sauti zikawakauka. Mwingine aliwalaza wote mara tu walipofika, akawa anasuka ukili kwa raha zake. Watoto hawakujua siku ipi ni ya nini. Kisha ikaja zamu ya Paskalina, ambaye jana yake alikuwa amechekecha kutwa juani. Alipika uji, akauepua, akaketi juu ya gunia apumzishe mgongo, akalala fofofo.

Alipoamka jua lilikuwa utosini. Wadogo walikuwa wamenawishwa na kulazwa kwa mstari, kila mmoja na mtoto mkubwa pembeni akimfukuzia inzi. Uji ulikuwa umegawiwa, vikombe vimeoshwa na kupinduliwa. Uwanja ulikuwa umefagiwa, hata pale alipolala yeye walikuwa wamefagia wakamzunguka. Wazazi walikutana Jumapili, wakalijadili jambo hilo kwa kirefu, na wakakubaliana kwamba hakuna haja ya kuwaingilia watu wanaojua kazi yao. Toka hapo watoto walijipangia siku wenyewe, na mzazi wa zamu alibaki na moto, maji na geti.

Kila asubuhi waliketi duara juu ya magunia, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja alisema neno lake. Nyamizi, aliyekuwa na miaka sita na hakupenda mchezo kazini, ndiye aliyeongoza kikao. Hata mdogo wake Kalisti, mwenye miaka miwili, alipewa nafasi ya kusema. Neno la Kalisti lilikuwa "uji", kila siku, na kila siku lilipita bila kupingwa. Kila mdogo alikuwa na mkubwa wake. Mkubwa wa Kalisti alikuwa Donatus, mtoto wa Mwigulu mchimbaji, kijana wa miaka mitano mwenye kichwa kikubwa na maneno machache.

Krupa, mjukuu wa Madhuben, alianza kwa kuwatazama kutoka dirishani. Siku moja akashuka ngazi na kikombe chake mkononi, akaketi kwenye gunia, akasubiri zamu yake ya kusema. Hakuna aliyeuliza.

Basi Jumatatu moja, mwaka tisini na nne, Krupa aliruka kamba na jino lake la mbele likaruka naye. Jino halikuonekana. Walilitafuta kwa macho, wakalitafuta kwa vidole, wakawaondoa wadogo wasije wakalikanyaga, wapi. Kila mtoto wa Maganzo alijua kwamba jino likitoka hurushwa juu ya paa, lisiporushwa jipya halioti, au linaota limekaa upande. Krupa alisema kwao nako ni hivyo hivyo. Kwa hiyo juu ya sheria hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya jino.

Na Krupa alikuwa anasafiri. Kesho yake alfajiri alikuwa anakwenda na bibi yake Shinyanga mjini kwenye harusi ya ndugu zao, warudi Alhamisi. Jioni ile Nyamizi alisimama chini ya dirisha akamwita.

"Krupa! Tukitaka kulitafuta chini, unaruhusu?"

Krupa alifikiri, ulimi ukiwa kwenye pengo. "Chimbeni," alisema.

Jumanne ilikuwa zamu ya Paskalina. Alikuwa anapuliza moto wakati kikao kinaendelea, akasikia kwamba leo watatafuta jino la Krupa, akafurahi, akaona hiyo ni kazi ya kimya isiyo na madhara. Akarudi kwenye kuni zake, ambazo zilikuwa mbichi. Uji ulipochemka aliinua uso, na kitu cha kwanza kilichomjia, kabla ya hofu, kilikuwa sifa. Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao la kazi, lilikuwa limeshikwa vizuri kuliko maduara mengi ya watu wazima aliyoyaona. Pembe nne zilikuwa na vijiti, vijiti vimefungwa uzi. Udongo wa juu uliwekwa kushoto, mchanga wa chini kulia. Donatus alikuwa ndani na kijiko na kipande cha kibuyu, shimo likimfika magotini. Wadogo walipita kwa mstari wakibeba udongo kwenye vifuniko vya chupa, na Kalisti, aliyebeba kifuniko kitupu, alipita nao kwa heshima ile ile. Nyamizi alichekecha kwa chujio la chai. Kandoni palikuwa na kopo tupu la mafuta ya kupikia, na kila baada ya muda mtu alitia humo konzi ya mchanga.

"Nyamizi! Mnafanya nini?"

"Kazi, mama."

"Mama Ramesh amekataza kuchimba hapa!"

"Mwenye kiwanja karuhusu."

"Mwenye kiwanja nani?"

"Krupa. Lile kopo ni fungu lake."

Kila mtu Maganzo alijua kwamba huwezi kutia sululu kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake, na ukishachimba, sehemu ya mchanga ni yake, awepo asiwepo. Watoto hawakuacha hata kipengele kimoja. Kosa lao lilikuwa dogo tu, kwamba mwenye kiwanja alikuwa na miaka sita.

"Haya, mkimaliza mfukie," alisema.

"Hatufukii mpaka mwenye kiwanja apokee fungu lake, aone lilikotoka," alisema Nyamizi. "Ndivyo inavyofanywa." Na kweli ndivyo ilivyofanywa.

Mchana, wakati Paskalina anaosha sufuria, sauti zote za uani zilikatika kwa pamoja. Aligeuka akidhani mtu ameumia. Watoto wote walikuwa wamesimama wameangalia pande tofauti. Mmoja alikuwa anatazama mawingu. Nyamizi alikuwa amefumba kiganja.

"Mmelipata?" Paskalina aliuliza.

"Tuna njaa," alisema Nyamizi.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa maana pale Maganzo mchimbaji akipata jiwe, yaani almasi, hapigi kelele. Anayepiga kelele ni yule aliyepata kipande cha chupa. Aliyepata jiwe hunyamaza, hulalamika njaa au mgongo, akakusanya vyombo vyake taratibu na kurudi nyumbani kwa njia ya mbali. Watoto walikuwa wameyaona hayo majumbani mwao tangu wanatambaa. Walipopata walichokuwa wanakitafuta, walinyamaza.

Jioni ile kwa Mwigulu walikula ugali na mlenda. Mwigulu, kwa mazoea, alimwuliza mwanawe wameshindaje.

"Kazini," alisema Donatus.

"Kazi gani?"

"Tumechimba."

Tonge la Mwigulu lilisimama njiani. "Mkapata?"

Donatus alitafuna, akameza, akanawa mikono. "Nimeshiba, mama," alisema.

Mwigulu hakuhitaji kuongezewa. Mwaka alipopata jiwe lake la pekee maishani, yeye mwenyewe alimwambia mkewe maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, akiwa na njaa ya kufa.

"Donatus, mwanangu. Ukubwa wake?"

"Kama punje ya mahindi."

"Jeupe?"

"Jeupe. Lina kadoa."

"Kadoa si neno," alisema Mwigulu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Liko wapi?"

"Halisemwi mpaka mwenye kiwanja arudi."

Jumatano ilikuwa zamu ya Mama Donatus, lakini hakuonekana. Alikuja Mwigulu, amevaa kofia yake ya kazi na shati safi, na nyuma yake Marcel, dalali wa almasi, na Maganga mchimbaji, na baba wengine wawili ambao Paskalina aliwajua kwa sura tu, kwa sababu tangu ua ule uanze hakuna baba aliyewahi kukanyaga. Paskalina mwenyewe alikuwa ameacha kuchekecha siku hiyo ili akae karibu na lile shimo.

"Mwangaluka, Mama Nyamizi," alisema Mwigulu.

"Mwangaluka. Mama Donatus yuko wapi?"

"Kichwa kinamsumbua. Nikasema acha nimshikie zamu."

"Na shemeji Marcel?"

"Mimi mke wangu haumwi," alisema Marcel. "Nimewakumbuka watoto tu."

Mtoto wa Marcel, Euphrasia, alimtazama baba yake kama anayejaribu kukumbuka walipoonana.

Paskalina aliona hakuna haja ya kuzunguka. "Jamani, ni jino. Krupa kang'oka jino, wakalitafuta, wakalipata. Nyamizi kaniambia mwenyewe nyumbani."

"Umeliona?" aliuliza Marcel.

"Sijaliona. Hawataki kulionyesha mpaka Krupa arudi."

Wanaume walitazamana. "Jino," alisema Mwigulu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Aliwahi kuwasikia watu wakisema wamepata kokoto, wakisema wamepata kigae, mmoja alisema amepata kifungo cha shati kisha akaonekana Mwanza na baiskeli mpya. Jino hakuwahi kulisikia. Aliona ni jambo zuri, la watu waliofikiri.

"Sawa, shemeji," alisema kwa upole. "Ni jino."

Kikao kiliketi. Nyamizi aliwaambia wageni kwamba asiye na zamu anaweza kubaki kama atafanya kazi ya siku, na asiyetaka geti lile pale. Wanaume wakaketi kwenye magunia, magoti yakiwa masikioni. Ilipofika zamu yake, Mwigulu alikohoa.

"Mimi naona leo tuendelee na lile duara."

"Duara limesimama," alisema Nyamizi. "Nani mwingine?"

"Hospitali," alisema Euphrasia.

"Uji," alisema Kalisti.

Ikapita hospitali, na uji. Donatus akawa daktari, na kwa vile daktari hawezi kubeba mtoto, Kalisti akahitaji mkubwa mwingine. Walimtazama Mwigulu kwa muda. Euphrasia akaleta mbeleko, wakamfunga Kalisti mgongoni kwake, fundo likakazwa na watu watatu. Marcel aliambiwa ana malaria. Alilazwa mkekani, akafunikwa gunia, akakatazwa kusema, na kila alipojaribu kuinua kichwa atazame upande wa shimo alipewa dawa, ambayo ilikuwa maji ya majivu. Maganga alikuwa mama mja mzito. Alilalamika kidogo, lakini alilala.

Mwigulu alitembea na Kalisti mgongoni asubuhi nzima. Alimbembeleza, alimpangusa kamasi, alimnywesha uji kwa kijiko, na Kalisti akamkojolea. Kila alipokaribia lile shimo, Nyamizi alimwita, "Mkubwa wa Kalisti! Jua hilo, mtoto anaungua!" naye akarudi kivulini mwa ukuta.

Watoto walipolala mchana, Paskalina alichukua ndoo akaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, akiwa bado getini, aliona kofia ya Mwigulu juu ya ardhi. Alidhani imeanguka. Kisha kofia ikazunguka, na chini yake palikuwa na Mwigulu.

Alikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani. Marcel alikuwa anavuta udongo kwa ndoo, Maganga amepanua upande wa ukutani, sepetu mkononi. Hakuna aliyejua sepetu ziliingiaje. Kopo la fungu la Krupa lilikuwa limesukumwa pembeni. Na mgongoni kwa Mwigulu, chini kule shimoni, Kalisti alikuwa amelala, mdomo wazi.

Ndoo ya maji ilimtoka Paskalina. Alipita juu ya matope yake, akafika ukingoni, akanyoosha mikono, na Mwigulu, alipouona uso wake, akafungua mbeleko na kumpandisha mtoto. Paskalina alimkumbatia Kalisti.

"Shemeji, nilimshika vizuri," alisema Mwigulu kutoka chini.

Ile sauti ya ndoo ilikuwa imewaamsha watoto. Walikuja mmoja mmoja wakisugua macho, wakasimama kulizunguka shimo. Nyamizi aliangalia vile vijiti vyao vya pembeni, vimevunjika, na uzi umekanyagiwa kwenye udongo.

"Nani kakuruhusu?" alimwuliza Mwigulu.

"Aa, mama, tulikuwa tunawasaidia..."

"Mwenye kiwanja kakuruhusu?"

Mwigulu aliivuta kofia yake machoni.

"Mwenye duara kakuruhusu?"

Mwenye duara alikuwa Donatus. Donatus alimtazama baba yake. "Mvamizi," alisema.

Neno hilo si la mchezo. Mvamizi ni mtu anayeingia kwenye duara la mwenzake aliyekwenda kula, na Mwigulu mwenyewe aliwahi kumkimbiza mmoja na rungu mpaka karibu na Mwadui. Wanaume wote waliangalia chini. Kwa kawaida mvamizi hunyang'anywa vyombo kwanza, kipigo kinafuata. Watoto walikaa kikao pale pale, wakaona kwamba kipigo hawakiwezi, lakini vyombo wanaviweza. Mwigulu akapandisha sepetu. Maganga akatoa yake. Walizibeba watoto wanne kila moja, wakazilaza chini ya magunia, na Euphrasia akazikalia.

"Na wewe baba," alimwambia Marcel, "bado una malaria." Marcel akarudi mkekani.

Jioni, watu walipoondoka, Paskalina alibaki peke yake na lile shimo. Lilikuwa limekula mpaka kwenye msingi, na ukutani, kutoka chini kwenda juu, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi wa kushonea. Aliichukua sepetu moja. Angefanya haraka angelifukia kabla giza halijaingia, akamwagia maji, akafagia, na kesho Madhuben asingeona kitu isipokuwa udongo wenye rangi mpya. Alitia sepetu ya kwanza. Kisha akauona ule ufa tena, akamwona kwa mawazo yule mama akimmiminia chai bila kumwuliza atalipa nini. Akairudisha sepetu chini ya gunia. Mtu aliyekupa ua bure, aliwaza, umwambie mwenyewe umemharibia.

Alhamisi basi la asubuhi liliwashusha. Madhuben hakupanda hata juu kuvua viatu. Kutoka barabarani alikuwa ameuona ukuta wake, na mwenye macho ya namna ile haoni ufa kwa bahati. Aliingia uani na mkoba wa safari mkononi, Krupa nyuma yake na boksi la jelebi, vile vitamu vya sukari vya harusini. Wazazi walikuwepo wengi, mama kwa baba, kwa sababu habari ilikwisha kuenea. Watoto walikuwa kwenye magunia wamekaa kikao.

Madhuben alisimama ukingoni. Alitazama chini, akatazama ukuta, akatazama chini tena.

"Shikamoo, Mama Ramesh," alisema Paskalina.

"Marahaba." Hakuinua uso. "Nilisema nini?"

"Ulisema tusichimbe."

"Na hili nini?"

"Ni shimo," alisema Paskalina. "Lilianza siku ya zamu yangu, nikaliona, sikulizuia. Ukitaka ua wako, ni haki yako. Nakuomba utuachie mpaka Jumamosi tu, tutafute pa kuwaweka watoto."

Mariana, aliyekuwa amekuja na chekeche lake kwapani tayari kwenda kifusini, alianza kulizungusha zungusha mikononi.

"Kulichimba hivi kunatosha kuniulia kuku wengine," alisema Madhuben. "Na hili si la watoto peke yao. Watoto wamefika wapi na nyie mmefika wapi?"

"Sisi magotini," alisema Donatus, akionyesha kwa mkono. "Hapo chini ni wavamizi."

"Na nani alitoa ruhusa?"

Krupa aliinua mkono. "Mimi, Ba," alimwambia bibi yake.

Madhuben alimgeukia mjukuu wake. Ndipo Nyamizi alipokuja na lile kopo, amelishika kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliopinda, akaliweka mbele ya Krupa. "Fungu lako," alisema. "Lilitoka hapo. Uone mwenyewe." Krupa aliangalia kopo, akaangalia shimo, akaitika kwa kichwa kama alivyomwona mtu mzima gani sijui akifanya.

"Sasa toa jiwe," Nyamizi alimwambia Donatus.

Wanaume walisogea. Marcel alikuwa ameshatoa lenzi yake mfukoni. Donatus alimwita Kalisti, akamgeuza, akafungua pini iliyokuwa imebana mfuko wa nyuma wa kaptula yake, akaingiza vidole viwili.

Mwigulu alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. "Mgongoni kwangu?" alisema. "Kutwa nzima?"

"Ulimbeba vizuri," alisema Donatus.

Kitu kikawekwa kwenye kiganja cha Marcel. Marcel aliinama juani, akatia lenzi jichoni, akakigeuza hivi, akakigeuza vile. Alichukua muda wake, maana hiyo ilikuwa kazi yake na watu walikuwa wanaangalia.

"Ni jino," alisema. Akarudia kuangalia. "Limetoboka."

"Jelebi," alisema Krupa, kueleza.

Madhuben aliweka mkoba wake chini. Paskalina, aliyekuwa anamtazama yeye tu, aliona pembe moja ya mdomo ikihangaika, kisha ikatulia. "Wavamizi mko wangapi?" aliuliza.

Walijitokeza watano, kwa kusukumana.

"Mtafukia sasa hivi. Mshindilie kwa maji na kokoto mpaka msingi ushike, na ule ufa mtauziba kwa saruji yenu. Halafu mtakuja zamu kama wake zenu. Sijui nani aliwaambia watoto ni wa mama zao." Akamgeukia Paskalina. "Kuhusu ua, nitafikiri."

Euphrasia akainuka kwenye magunia, wanaume wakapewa sepetu zao, na kazi ikaanza. Udongo ulirudi shimoni, Maganga akishindilia kwa gogo. Paskalina alichota maji na kurudi, alichota na kurudi, bila kuthubutu kuangalia dirishani kwa Madhuben wala Madhuben mwenyewe, aliyekuwa amekalia kiti chake cha kamba akiwahesabia makoleo kwa macho. Shimo lilipobaki la kufika magotini, Krupa alisema anataka kurusha jino lake.

Kazi ikasimama. Watoto wote walipanga mstari. Krupa alisimama mbele ya ghala, akalirudisha nyuma mkono wake wote, akaomba jipya kwa sauti, akarusha. Jino lilipanda vizuri sana. Liliangukia juu ya mabati, likalia ti, watu wakashangilia. Kisha likalia ti tena, chini kidogo. Likateremka kwenye mkunjo wa bati likigonga gonga, likafika ukingoni, likaruka, na mbele ya macho ya mji mzima likatumbukia kwenye udongo ambao Mwigulu alikuwa ametoka kuumwaga.

Sauti zote zilikatika kwa pamoja.

Mwigulu alisimama na sepetu hewani, haithubutu kushuka. Krupa alianza kuvuta midomo. Nyamizi alimtazama Krupa, Krupa akamtazama bibi yake, na kila mtu uani, hata Kalisti, akaangalia anakoangalia Krupa.

Madhuben aliutazama ukuta. Kisha akainuka, akavua bangili zake, akazitia kwenye mkoba.

"Magotini," alisema. "Chimbeni mpaka magoti ya mtoto, si ya Mwigulu. Na mkae mbali na ukuta. Hiyo ndiyo sheria ya hapa kuanzia leo, na atakayeivunja namtoa yeye, si watoto." Akamwangalia Paskalina. "Mama Nyamizi, umesimama nini? Lete chujio."

Paskalina alikimbia kulileta, macho yamejaa machozi, akajikwaa kwenye ndoo.

Mwigulu aliweka sepetu chini taratibu. Alivua kofia, akachuchumaa karibu na mwanawe.

"Mwenye duara," alisema, "kuna nafasi ya kazi?"

Donatus alifikiri. "Ya kubeba Kalisti," alisema.